Kanisa Lisilo na Kiti cha Tajiri



Leo nataka tuzungumze juu ya viti vya kanisani, vile tunavyovikalia kila Jumapili bila kujiuliza ni nani aliyeamua vikae vile vilivyo. Mwanzoni mwa sura ya pili ya Waraka wake, Yakobo anasimulia habari za watu wawili wanaoingia katika mkutano wa waumini. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi ya fahari, wa pili ni fukara na nguo zake ni chafu. Yakobo anawauliza wasomaji wake watampa nani mahali pazuri, na watamwambia nani asimame pembeni. Sisi wahubiri tumezoea kuieleza sehemu hiyo kana kwamba inahusu moyo tu. Lakini Yakobo anataja mahali pa kukaa, na kwa hiyo anasema na fundi seremala na mwashi pia, na kamati ya ujenzi pamoja nao.

Ili nieleze ninachokusudia, itanibidi niwapeleke mbali kidogo, mpaka London, kwenye kanisa moja la parishi lililojengwa zamani za Malkia Victoria. Huitwa Kanisa la Mtakatifu Alban, nalo liko sehemu iitwayo Holborn. Makanisa mengi yalijengwa katika enzi hiyo, na mengine ni mazuri kulishinda hili. Nimelichagua kwa sababu hapa mpango mzima wa jengo ulitokana na shauri moja, nalo ni shauri la kiti.

Malkia Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901. Mtu aliyeingia katika kanisa la mjini Uingereza alipoanza kutawala angeshangaa. Sakafu ilikuwa imegawanywa kwa vijumba vya mbao, kuta zake zikimfikia mtu mabegani, na kila kijumba kina mlango wake. Ndani yake jamaa moja ilikaa peke yake, juu ya mito laini, na katika makanisa mengine mwenye kijumba alikuwa hata na meko yake ya kuotea moto mahubiri yakiendelea. Palikuwa na mama aliyeajiriwa kufungua na kufunga milango hiyo, naye alitazamia bakshishi. Vijumba vingi vilikuwa vya kukodi. Mtu alilipa kodi ya kiti kwa mwaka, na kadiri kijumba kilivyokuwa karibu na mimbari, ndivyo bei yake ilivyopanda.

Na maskini je? Yeye aliwekewa mabenchi matupu, mara nyingi katikati ya njia, au nyuma kabisa, au juu kwenye roshani ambako hakumwona mhubiri. Kila aliyepita alijua kwamba aliyekalia benchi lile hakuweza kulipa.

Tusiwahukumu haraka mno. Mwaka 1818 Bunge la Uingereza lilitoa pauni milioni 1 ili makanisa mapya yajengwe katika miji iliyokuwa ikifurika watu kwa ajili ya viwanda. Pesa hizo zilijenga kuta, lakini mchungaji naye hula. Katika mengi ya makanisa hayo riziki yake ilitoka katika kodi ya viti. Hivyo mchungaji aliyetaka kuwafungulia maskini vijumba alikuwa anaufunga mfuko wake mwenyewe. Wazee wa kanisa wanaonisikiliza wanaelewa ugumu wa hesabu ya namna hiyo.

Tarehe 30 Machi 1851, siku ya Jumapili, serikali ilihesabu watu waliohudhuria ibada katika Uingereza na Wales. Fomu iliyopelekwa kwa kila kanisa iliuliza pia kuna viti vingapi vya bure, na vingapi visivyo vya bure. Mwandishi wa taarifa, Horace Mann, alikisia kwamba watu zaidi ya milioni 5 ambao wangeweza kwenda kanisani siku ile hawakwenda, na kwamba wengi wao walikuwa wafanyakazi na maskini. Alipotaja sababu, mojawapo ilikuwa utengano wa matabaka ndani ya nyumba ya ibada, yaani vijumba vile. Mtu wa kazi alikuwa ameelewa vizuri sana alichoambiwa na seremala.

Kabla ya hesabu hiyo walikuwapo waliokwisha kupiga kelele. Mwaka 1839 vijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na John Mason Neale na Benjamin Webb, waliunda chama cha kuchunguza ujenzi wa makanisa. Neale ndiye yule aliyetafsiri nyimbo nyingi za kale za Kigiriki na Kilatini, ambazo baadhi yake twaziimba hata leo wakati wa Majilio na Krismasi. Vijana hawa walipenda matao yaliyochongoka, madirisha marefu na minara ya kale, na kwa kweli katika mambo mengine walikuwa wabishi kupita kiasi. Lakini walivichukia vijumba vya kukodi, na Neale aliandika kijitabu kizima juu ya historia yake. Walidai kanisa liwe ukumbi mmoja ulio wazi, wenye viti vifupi visivyo na milango, na macho yote yaelekee meza ya Bwana.

Sasa twende Holborn. Nyuma ya barabara kubwa palikuwa na vichochoro vya watu fukara sana, karibu na soko la Leather Lane. Charles Dickens alipoandika habari za Oliver Twist, aliliweka pango la wezi wake jirani na hapo, Saffron Hill, na wasomaji wa London hawakuona ajabu. Katikati ya vichochoro hivyo Lord Leigh alitoa kiwanja. Aliyetoa fedha za kujenga ni John Gellibrand Hubbard, mfanyabiashara aliyefanya biashara na Urusi na aliyepata kuwa Gavana wa Benki ya Uingereza. Bwana huyu aliijua thamani ya kodi kuliko wengi wetu. Hata hivyo alitaka kanisa lile lisitoze kodi ya kiti kamwe, na kwenye mlango wake yakaandikwa maneno ya kulitangaza kuwa ni la bure daima kwa maskini wa Kristo.

Mchoraji wa jengo alikuwa William Butterfield. Kazi yake haikuwa nyepesi, maana kiwanja kilikuwa kidogo na kimebanwa na nyumba pande zote. Hakuweza kupanua, basi akapandisha. Ukumbi wa waumini ulipanda juu sana, na madirisha yakawekwa juu ya mapaa ya majirani ili mwanga uingie. Ukuta wa mashariki, nyuma ya madhabahu, kwa desturi huwa na dirisha kubwa la vioo vya rangi. Hapa ulisimama mzima bila dirisha, ukachorwa picha. Upande wa magharibi alijenga mnara mnene, wenye paa la migongo miwili kama paa la nyumba. Hauna mkuki mrefu wa kuchoma mawingu. Mtu aliyezoea minara ya Kiingereza anaweza kuuona wa kishamba kidogo. Mimi huuona kama nyumba iliyopanda juu ya nyumba nyingine ili ionekane na wenyeji.

Tena alijenga kwa matofali. Wakati huo watu wengi waliona kwamba kanisa la heshima sharti liwe la mawe, au angalau matofali yake yafichwe kwa plasta. Butterfield aliyaacha wazi. Aliyapanga kwa mistari ya rangi mbalimbali, hata urembo ukawa ni ukuta wenyewe. Palikuwa na sababu ya kazi pia. Hewa ya London ilijaa moshi wa makaa ya mawe, na chochote kilichopakwa rangi kiliingia masizi upesi, bali rangi ya tofali lililochomwa haibanduki. Nyumba za maskini zilizolizunguka nazo zilikuwa za matofali. Mtu wa Holborn aliyeingia humo alikuta kitu alichokijua nyumbani kwake kimefanywa kizuri kwa ajili ya Mungu. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1863.

Jina nalo lafaa kukumbukwa. Alban anahesabiwa kuwa wa kwanza kufia imani katika nchi ya Uingereza. Mapokeo husema hakuwa Mkristo alipomficha kasisi aliyekuwa akitafutwa na askari wa Kirumi. Askari walipokaribia, Alban alivaa joho la kasisi yule akajitoa yeye, akauawa badala yake. Naona jina hilo lilifaa kanisa la watu waliokuwa wakisema hawaendi ibadani kwa kuwa hawana nguo za kuvaa.

Basi, kama viti ni vya bure, mchungaji atakula nini? Hapa ndipo jambo linapotufikia sisi. Walioipinga kodi ya viti walijibu kwamba kila mtu atoe sadaka kila Jumapili, kadiri ya uwezo wake, bila kujulikana ametoa kiasi gani. Kitabu cha Sala cha 1662 kilikuwa na nafasi ya sadaka katika Ushirika Mtakatifu, lakini katika makanisa mengi desturi ya kuikusanya kila juma ilikuwa imekufa. Kufufuliwa kwake kulileta ugomvi. Wengine waliuona mfuko wa sadaka kuwa ni ujanja wa Kirumi. Lakini kidogo kidogo mfuko ukashinda, nao ukaenda sambamba na kiti cha bure. Kwa hiyo ndugu yangu, kile kikapu kinachopita mbele yako Jumapili kilipiganiwa. Kilichukua mahali pa kodi. Shilingi 10 ya mama mjane huingia humo ikachanganyika na noti ya mwenye lori, na hakuna anayekaa mbele au nyuma kwa ajili yake.

Je, mpango huu ulifaulu pale Holborn? Nisiwadanganye kwamba milango ilifunguliwa na maskini wakamiminika. Kasisi wa kwanza, Alexander Heriot Mackonochie, alipenda ibada yenye mishumaa, uvumba na mavazi ya rangi. Sisi tuliolelewa katika mapokeo ya C.M.S. hatuvutwi sana na mambo hayo, na sioni haja ya kujifanya. Ibada zake zikawa maarufu, na watu wenye uwezo wakaja kutoka sehemu nyingine za mji kutazama. Kiti cha bure ni cha bure kwa tajiri pia, na tajiri hana haya ya kuingia popote. Ilibidi Mackonochie na wenzake wawatafute watu wa vichochoro nyumba kwa nyumba. Wakaanzisha shule na vyama, hata chama cha mazishi, ili fukara wa parishi azikwe kwa heshima ya Kikristo katika makaburi ya Brookwood.

Washitaki nao hawakukosa. Kuanzia 1867 Mackonochie alipelekwa mahakamani kwa ajili ya mishumaa na uvumba wake, akasimamishwa kazi kwa muda mara mbili, na mwishoni mwa 1882 akajiuzulu kwa ombi la Askofu Mkuu Tait aliyekuwa kitandani akifa. Hata Bwana Hubbard, aliyelijenga kanisa kwa fedha zake, hakupendezwa na namna ya ibada, akasema hivyo. Lakini hakuwa na kijumba cha mbele cha kukalia na kuamuru. Alikuwa ametoa kwa masharti kwamba maskini wawe huru, akakuta mchungaji naye amekuwa huru. Nadhani ni hasara ambayo mtoaji wa kweli hana budi kuikubali.

Mackonochie alikufa Desemba 1887 huko Uskoti. Alitoka kutembea milimani akapotea katika theluji, na walipomkuta baada ya siku mbili, mbwa wawili aliokuwa nao walikuwa bado wanaulinda mwili wake.

Lakini anayenigusa zaidi ni msaidizi wake, Arthur Stanton. Alifika Holborn mwaka 1862, kijana wa miaka 23, jengo likiwa bado halijamalizika, akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1913. Miaka 50 alikuwa kasisi msaidizi tu. Hakupata kuwa vika wa parishi, wala hakupokea mshahara, kwa kuwa familia yake ilikuwa na mali naye aliishi kwa hiyo. Mwaka 1877 alianzisha chama kwa ajili ya watu wa posta, wale waliotembeza barua mjini tangu alfajiri bila mahali pa kupumzikia. Siku ya mazishi yake barabara zilijaa watu, na wengi wao walikuwa wanaume wa kazi za mikono, wale wale ambao taarifa ya 1851 ilisema hawaonekani kanisani. Miaka 50 ndiyo muda uliohitajika ili maneno ya pale mlangoni yaaminiwe.

Mwaka 1941, wakati wa vita, mabomu ya Wajerumani yaliteketeza kanisa. Mnara wa magharibi ulibaki umesimama. Adrian Gilbert Scott alilijenga upya, likafunguliwa tena mwaka 1961. Ukuta ule wa mashariki usio na dirisha ukapata picha mpya mwaka 1966, kubwa ya kuufunika wote, nayo ilichorwa na Hans Feibusch. Huyu alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia nchi yake baada ya Hitler kushika madaraka. Kwa hiyo ukuta uliobomolewa na Wajerumani ulipambwa na mkimbizi aliyetoka kwao.

Wasikilizaji wapenzi, huenda mtu anasema, Mchungaji, hayo ni ya Wazungu, sisi hatukodishi viti. Ni kweli. Lakini angalieni makanisa yetu. Kanisa kuu la All Saints pale Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, lilichorwa na Temple Moore, mtu wa jamii ile ile ya wachoraji waliofuata matao yaliyochongoka. Wakati wa ukoloni lilijulikana kuwa kanisa la Wazungu. Bei ya kiti huko haikuandikwa kwa pauni, na kila Mwafrika aliifahamu. Na kutoka kwa makanisa kama hayo madirisha yenye ncha yalishuka mpaka vijijini, hata kanisa la mabati huko mashambani nalo likapewa dirisha la Cambridge. Tulichukua dirisha. Kiti cha bure, sina hakika kama tulikichukua.

Katika parishi moja niliyohudumu alikuwapo mzee mlinzi wa usiku, mtu wa sala sana, aliyekaa kila Jumapili kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Nilimwambia asogee mbele, maana mbele palikuwa na nafasi tele. Alicheka kidogo akaniambia, “Hapana Pasta, kule mbele ni kwa wenyewe.” Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana, kama vile mvua hunyesha Aprili. Nilipotazama mbele niliona alichokiona yeye. Palikuwa na viti vya mikono vyenye mito, vimepangwa kwa ajili ya waheshimiwa ambao siku ile hata hawakuja. Nyuma yake mabenchi, na nyuma ya mabenchi mawe ya ujenzi ambayo watoto waliyakalia.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Barabarani ni shauri la busara. Kanisani ni lile neno ambalo Yakobo alilikataza.

Na kile kikapu kilichopiganiwa, tumekifanyaje? Siku ya harambee tunakiweka kando. Tunasimama na kipaza sauti, tunataja jina na kiasi, na mtoaji mkubwa anapigiwa makofi na kupewa nafasi ya kusema. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wetu, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa wasipewe tena mimbari katika ibada zetu. Wengi tulishukuru. Mimbari ni hatua moja; viti vya mikono vilibaki palepale katika makanisa mengi, na kipaza sauti cha harambee pia.

Siwaambii wenye uwezo wasitoe. Bila Hubbard, Holborn isingekuwa na kanisa. Nasema tu kwamba zawadi yake ilikuwa na mlango wa kuingilia watu wengine, na yeye akaingia kwa mlango huo huo kama wao.

Najua kamati nyingi za ujenzi hutusikiliza saa hii, tena wengine mmekwisha kununua saruji. Mtakapokutana kupitisha michoro mtajadili urefu wa mnara, idadi ya mabati na rangi ya vioo. Mwombeni mchoraji awaonyeshe pia karatasi ya viti, ambayo mara nyingi haichorwi kabisa. Muulizeni kama viti vyote ni vya namna moja, na kama asiyeweza kupanda ngazi ataingia kwa mlango gani. Kisha mwulizeni swali lile lililokuwa katika fomu ya mwaka 1851: humu ndani, ni vingapi vya bure?